Kitambaa Kikavu

Mafundi rangi wengi huendesha magari ya aibu. Hilo si siri: pita mbele ya gereji yoyote utaliona gari la fundi limeegeshwa pembeni, mlango mmoja wa kijani, bampa la kijivu, boneti limeliwa na kutu, na mwenyewe yuko ndani anatoka jasho akiling'arisha gari la mtu mwingine. Huyu wetu hakuwa hivyo. Gari lake lilikuwa jeusi, jeusi la mtu kujitazama akanyoa ndevu, na alilipiga rangi kwa mikono yake mwenyewe, akamalizia na klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi inayolipa gari mng'ao. Kila siku aliliegesha mlangoni pa gereji. Mteja akiuliza, "Kazi yako ikoje, fundi?" yeye hakufungua mdomo. Alinyoosha kidole tu, na mteja akaenda kujitazama kwenye mlango wa gari.

Ubaya wa gari jeusi ni vumbi. Barabara ya mtaani kwake haikuwa na lami, na kila lori lililopita liliacha wingu zima nyuma yake. Asubuhi gari lilionekana limelala ndani ya gunia la unga. Fundi halikumsumbua hata kidogo. Vumbi likitulia juu ya rangi halina neno, aliwaambia wateja wake; liache lilale mpaka utakapolimwagia maji mengi, liondoke lenyewe. Balaa linaanza mtu anapochukua kitambaa kikavu akalisugua. Vumbi ni mchanga, na mchanga ukiwa chini ya kitambaa ni msasa. Haya aliyasema kila siku, kwa kila mtu, mpaka wenzake gereji walikuwa wakiyamalizia kabla yake.

Mtu mmoja tu hakuweza kumwambia, na mtu huyo alikuwa baba mkwe wake.

Mzee Saa, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa fundi saa tangu ujana wake. Mwaka uliopita alifunga kibanda chake, akasema siku hizi saa za watu ziko kwenye simu, hakuna tena anayehitaji mtu wa kutia saa mafuta. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mtoto wake wa kwanza wa kiume akamchukua nyumbani kwake. Kule walimkalisha kwenye kochi, wakamwekea rimoti mkononi, na akimaliza kula wanakimbilia sahani kabla hajainuka. Hakumaliza hata msimu mmoja. "Nimekaa pale kama ua la plastiki," alimwambia binti yake, mke wa fundi, aliposhuka mlangoni kwao na begi lake. "Hapa nitakaa nikiwa na kazi. Siku nitakayokosa kazi, narudi kwangu nikaishi peke yangu."

Binti alicheka. Fundi naye alicheka, kwa sababu mkeo akicheka na baba yake si wakati wa wewe kununa. Alimpenda sana yule mzee. Fundi hakumjua baba yake mzazi, na wakati wa posa, watu wa upande wa mkewe walipoanza kuuliza huyu kijana wa rangi ni wa ukoo gani, Mzee Saa ndiye aliyewakata kauli. "Mimi siozeshi ukoo," alisema, "namwozesha yeye." Maneno hayo fundi hakuyasahau.

Asubuhi ya kwanza baada ya mzee kuhamia, fundi alitoka na funguo mkononi akakuta gari linawaka kwa mng'ao. Mzee amesimama pembeni, kitambaa begani, uso umekunjuka.

"Nimelipangusa, mkwe. Lilikuwa linatia huruma."

Jua lilikuwa limeshapanda. Fundi alitazama boneti, akaona mikwaruzo midogo midogo imelizunguka jua lililoakisiwa pale kwenye rangi kama nyuzi za buibui. Akasema neno ambalo hakulisahau tena.

"Ahsante sana, baba. Hujakosea."

Basi imekwisha. Mzee amepata kazi.

Kila asubuhi baada ya hapo, fundi akiwa bado anapiga mswaki, alisikia kule nje shh, shh, shh ya kitambaa kikavu juu ya klia, na kila shh alihisi inapita kwenye ngozi yake. Mkewe alimuuliza kwa nini anafunga macho akipiga mswaki, na fundi akamweleza.

"Kwa nini usimwambie tu?" mkewe alimwambia.

"Mwambie wewe. Ni baba yako."

"Na gari ni lako. Tena nikimwambia mimi atajua ni wewe umenituma, itakuwa mbaya zaidi."

Fundi akajaribu kupita mlango wa nyuma. Alinunua turubai la kufunika gari, akasema ni la mvua. Mzee alilipokea kwa furaha, akawa kila asubuhi analivuta na kulikung'uta, kisha analipangusa gari hata pale ambapo halikuwa na kitu, na lile turubai likiburutwa na vumbi lake lilikwaruza kuliko kitambaa. Akanunua chupa ya kupuliza maji na taulo laini, akaziweka juu ya boneti kimyakimya. Mzee alimletea ndani zikiwa zimekaushwa vizuri.

"Mkwe, umesahau vitu vyako. Maji usiyapeleke karibu na chuma. Mimi nimefanya kazi na vumbi maisha yangu yote. Vumbi hutolewa kavu. Tone moja la maji ndani ya saa, saa imekufa."

"Sawa, baba."

Sawa, baba! Fundi aliyekuwa akiwafokea wenye magari makubwa, watu wenye vitambi na walinzi, alisimama pale mlangoni kama mtoto wa shule aliyekutwa na kitu mfukoni.

Ikabaki njia moja. Kila akifika gereji, kabla ya kazi yoyote, aliliosha gari kwa maji mengi. Na kila Jumamosi, wenzake wakishaondoka, aliwasha mashine ya polishi akaifuta ile mikwaruzo yote, paa mpaka buti. Gari likarudi jeusi. Jumapili shh, shh, shh. Jumamosi mashine. Mwenzake wa gereji, fundi bodi aliyeitwa Nyundo, alilipa gari lile jina la Bi Harusi, kwa sababu kila wiki lilikuwa linapambwa upya.

"Wewe umeoa mara mbili," Nyundo alimwambia. "Mwambie mzee ukweli, upumzike."

"Nimwambie baba mkwe kwamba ananiharibia gari? Kazi yenyewe ndiyo inayomkalisha pale nyumbani. Nikimnyang'anya, kesho yuko njiani na begi."

"Basi lipige rangi ya vumbi. Likipauka litakuwa limependeza."

Sasa, polishi haiongezi kitu kwenye gari. Polishi hula. Kila mashine inapopita inachukua unyoya mwembamba wa klia, na fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini alijifanya hakulijua, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka Jumamosi moja mashine ikapita kwenye ukingo wa boneti na pale pakatokeza doa la kijivu. Klia ilikuwa imekwisha, nyeusi imekwisha, na sasa praima, ile rangi ya kwanza ya chini kabisa, ilikuwa inamtazama. Alizima mashine, akakaa chini juu ya ndoo, akaliangalia lile doa mpaka Nyundo, aliyekuwa amerudi kuchukua koti lake, akashindwa hata kumtania.

Tangu siku hiyo aliliacha gari gereji, akawa anarudi nyumbani kwa miguu. Alisema betri ina shida. Wiki ikapita, betri bado ina shida. Mzee alikuwa akitoka asubuhi na kitambaa chake, anasimama pale penye nafasi tupu, anarudi ndani. Hakuuliza kitu. Jioni moja fundi aliingia ndani akamkuta mkewe amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Umemfanya nini baba yangu?"

"Nimemfanya nini tena?"

"Amekunja nguo zake zote, ameziweka kwenye begi. Ameniambia nimtafutie usafiri, Jumatatu anarudi kwake. Kasema hapa shughuli zimekwisha. Wewe na betri yako!"

Fundi hakuvua hata viatu. Aligeuka, akarudi mpaka gereji, akalileta gari usiku uleule, akaliegesha palepale lilipokuwa likikaa. Acha liliwe, alijisemea. Gari ni bati. Akala kiapo kwamba hataligusa tena kwa mashine wala kwa maji, mzee alipanguse mpaka libaki chuma kitupu akitaka, mradi akae. Asubuhi aliposikia shh, shh, alilala tena usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata siku nyingi. Nguo za mzee zilirudi kabatini.

Na kwa sababu alikuwa ameacha kufuta, akaanza kuona.

Mara ya kwanza ilikuwa ni kinyesi cha ndege kwenye buti. Hakikuwa kimeondolewa, kilikuwa kimepitiwa na kitambaa na kuburutwa, kikaacha mkia mrefu mweupe. Fundi alishangaa kidogo. Mtu aliyekuwa akitoa punje ya uchafu kwenye saa ya mkononi kwa ncha ya sindano, ataachaje kitu kile? Siku ya pili yake aliona sehemu nzima za vumbi zimebaki kwenye mlango wa nyuma na juu ya madigadi, na mahali pengine palipopanguswa mara mbili, mara tatu, mikwaruzo imelaliana. Akainama. Jua la asubuhi lilikuwa linapiga ubavuni, na ndani ya vile vipande vya vumbi vilivyorukwa aliona mistari minne, imekaa pamoja, inakwenda sambamba na gari. Ilikuwa ni alama ya vidole. Vidole vilitangulia kupapasa njia, kitambaa kikatakiwa kuvifuata, na mahali pengine hakikuvifuata.

Alisimama pale mpaka akachelewa kazini.

Kesho yake aliamka mapema, akasimama dirishani. Mzee alikuja ameshika ukuta. Alipofika mwisho wa ukuta alinyoosha mkono wa kushoto mbele yake hewani mpaka ukaligusa gari, kisha akaanza kazi, mkono wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, uso wake umeelekea kwingine kabisa, kule barabarani. Lori lilipopita aliinua mkono kumsalimia dereva kwa bashasha, na lori lilikuwa limeshakwenda.

Mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine. Chai ambayo mzee alijimiminia huku kidole kikiwa ndani ya kikombe, wakacheka wakasema ni utu uzima. Salamu zake, ambazo hazikutoka mpaka mtu aseme kwanza. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye gari kila asubuhi, na yeye kila asubuhi aliyaosha kwa mpira wa maji, na kila Jumamosi akamalizia na mashine, kwa heshima na adabu zote. Alijionea aibu kweli kweli.

Alitoka nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Umeamkaje? Leo vumbi lilikuwa jingi."

"Lilikuwa jingi." Fundi alipiga moyo konde. "Baba, huoni."

Kitambaa kilisimama. Mzee hakugeuka.

"Nani kakwambia?"

"Gari."

Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na baba mkwe wake hata siku moja, akamwekea vidole juu ya vumbi lililobaki mlangoni. Mzee alipapasa. Aliusikia mpaka, pale palipopanguswa na pale palipoachwa. Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Kibanda sikukifunga kwa sababu ya simu," alisema. "Kijiskrubu kilianguka mezani, nikakitafuta kwa viganja asubuhi nzima. Meza yenyewe ni hivi tu." Alionyesha kwa mikono, meza ndogo. "Nikafunga nikaenda nyumbani. Gari nililiona linafaa kwa sababu ni kubwa. Nikasema kitu kikubwa hivi hakiwezi kunipotea."

Fundi alikaa kando yake kwenye ngazi.

"Usimwambie binti yangu," mzee akaendelea. "Ataanza kunikatia nyama. Nirudishe kwangu tu. Kule najua kila kitu kilipo. Kipofu wa kukaa kwa mkwe ni mzigo, mimi sitaki."

"Twende kwanza kwa daktari, baba. Akisema hakuna la kufanya na bado unataka kwenda, nitakupeleka mwenyewe, na kwa mkono wangu nitakufungulia mlango."

"Utanipeleka?"

"Nitakupeleka."

Mke wa fundi alipoambiwa alilia kwanza, kisha akawageukia wote wawili. "Huyu haoni, anaficha. Huyu anaona, anaficha. Nimekaa na wanaume wawili ndani ya nyumba, hata mmoja hana mdomo!" Akawafokea mpaka kwenye kliniki ya macho, na pale kwenye benchi akaendelea kwa sauti ya chini.

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye haraka. Alimulika jicho la kwanza, akamulika la pili, akasema ni mtoto wa jicho, yuko macho yote mawili, amekomaa, na anatolewa. Alilisema kirahisi sana, kama mtu anayezungumzia kung'oa msumari. Mke wa fundi akamwomba arudie. Akarudia. Wataanza na jicho la kulia, na baadaye la kushoto.

Siku walipomfungua bandeji, mzee alitazama chumba, akamtazama binti yake, akamfuta machozi kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia fundi.

"Kumbe umenenepa hivi, mkwe?"

Daktari alimkataza kuinama na kukaribia vumbi mpaka jicho lipone. Akawa anakaa sebuleni siku nzima, na hakuna aliyethubutu kumpa rimoti. Lakini hata hivyo hakutulia. Usiku mmoja wakiwa mezani alisema, kwa upole tu, kwamba akishatengenezwa jicho la pili atarudi kwake. Sasa ataona, atajipikia, atafungua kibanda hata kwa saa mbili tatu za ukutani. "Mmenitunza vizuri mno," alisema. "Mgeni akitunzwa hivi anatakiwa ajue kuondoka." Binti yake aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku ambayo daktari alimruhusu kutoka, mzee aliamka kabla ya watu wote. Fundi alikuwa na mswaki mdomoni. Alisubiri ile shh, shh. Haikuja. Alisubiri tena. Akatoka hivyohivyo, povu mdomoni.

Mzee alikuwa ameinama juu ya boneti, mikono mgongoni, jicho lake jipya karibu kabisa na rangi, kama alivyokuwa akiinamia saa za watu. Jua lilikuwa limepanda, na mikwaruzo yote ilikuwa pale, maelfu, na lile doa la kijivu ukingoni. Alizunguka mpaka mlangoni, akazunguka mpaka buti, akarudi. Alipoinua kichwa alikuwa amekasirika.

"Mkwe, nani amelikwaruza gari lako hivi?"

Fundi alitema povu pembeni. Majibu yalimjia mengi. Watoto wa mtaani. Matawi. Malori ya mchanga. Kila moja lilikuwa zuri, na kila moja lilikuwa na adabu. Akafikiria wiki zote zile alizokuwa na adabu.

"Ni wewe, baba."

"Mimi?"

"Wewe na kitambaa chako. Tangu siku ya kwanza. Vumbi la gari halitolewi kavu."

Mzee alitazama kitambaa mkononi mwake, akatazama boneti. Uso wake ulipita mambo mengi, na fundi akasimama akiyangoja yote, akijua kwamba huenda hapa ndipo begi linapofungwa kabisa.

"Na hapa pa kijivu?"

"Hapo ni mimi. Nilikuwa naificha mikwaruzo yako kwa mashine. Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi." Mzee alirudia polepole. Mabega yakaanza kutikisika, na fundi alidhani analia, akasogea mbele kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaegemea gari, akacheka mpaka akashika jicho lake lisije likadhurika, na binti yake akatoka mbio na mwiko mkononi kuona kuna nini.

"Binti yangu," mzee alimwambia alipopata pumzi, "mumeo amenisema. Amenisimamisha hapa nje asubuhi asubuhi, hata hajasukutua, amenisema usoni nimemharibia gari."

"Nini?" Mke wa fundi alimgeukia mumewe, mwiko umepanda.

"Mwache," mzee alisema. "Mgeni haambiwi hivi. Kule kwa kaka yako hakuna aliyewahi kuniambia neno kama hili."

Alikunja kile kitambaa kikavu, akampa binti yake, akaanza kupandisha mikono ya shati.

"Haya, mwanangu," akamwambia fundi. "Hayo maji yako yako wapi?"

Fundi aliingia ndani kuchota, na ndoo ilijaa na kufurika kwa sababu machozi yalikuwa yanamzuia kuona.